Ugonjwa wa Ngozi si Aibu

Kabla ya kusoma

Zungumzeni darasani:

1. Katika kijiji chenu, watu husema nini juu ya mtu mwenye mabaka katika ngozi?
2. Kwa nini mtu huficha ugonjwa wa ngozi kuliko homa au maumivu ya tumbo?

Mizigo miwili

Mtu akivunjika mguu, hafichi. Jamaa huja kumtazama. Wengine huleta uji, wengine humshika mkono akienda chooni. Lakini mtu akitokwa na mabaka usoni, au mikono yake ikaota magamba, mara nyingi hukaa kimya. Huvaa nguo za mikono mirefu. Huacha kutoka mchana. Akiitwa harusini, husema kichwa kinamuuma.

Mtu huyu amebeba mizigo miwili. Mzigo wa kwanza ni ugonjwa wenyewe. Mzigo wa pili ni aibu. Mzigo huu wa pili alitwishwa na maneno ya watu. Kisha akaendelea kuubeba mwenyewe, hata mahali ambapo hapana mtu anayemsema.

Watu wakimtenga mgonjwa na kumdharau, jambo hilo huitwa unyanyapaa. Mgonjwa akiyaamini maneno yao, akajidharau na kujitenga, tunasema anajinyanyapaa. Somo hili linahusu mzigo huo wa pili. Daktari hawezi kukutua peke yake. Lazima na wewe uinue mikono.

Kwanza ujue kwamba hauko peke yako. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wakati wowote watu bilioni 1.8 wana maradhi ya ngozi ya namna moja au nyingine. Bilioni moja ni milioni elfu moja. Mwezi wa Mei 2025, mkutano mkuu wa shirika hilo ulipitisha azimio kwamba maradhi ya ngozi ni jambo kubwa la afya, na kwamba kila nchi iyashughulikie.

Sasa tusome mifano miwili. Mifano hii tumeitunga, lakini mambo yaliyomo hutokea katika vijiji vyetu.

Mkulima wa mwani

Mama mmoja wa pwani ya mashariki ya Unguja alikuwa mkulima wa mwani. Kilimo hiki kilianza mwaka 1989 katika vijiji vya Paje na Jambiani, na wengi wanaokifanya ni wanawake. Siku za bamvua, maji yakipwa, wanawake huteremka pwani pamoja. Hufunga mbegu kwenye kamba huku wakizungumza.

Siku moja mama huyu aliona baka dogo jeupe katika kidole chake. Halikumuuma wala halikumwasha. Baada ya miezi michache mabaka yalienea vidoleni, kisha yakatokea pembeni mwa midomo.

Kwanza aliacha kuteremka pwani na wenzake. Alikwenda wenzake wakisharudi. Kisha aliacha kupakua chakula kwenye shughuli. Akienda kwenye khitma, alikaa nyuma na mikono ameifunika kwa kanga. Mwisho hakwenda kabisa. Mwani wake ukaharibika kwa kukosa mtu wa kuuangalia. Fedha za madaftari ya watoto wa skuli zikakosekana.

Hapana mtu aliyemwambia, "Usituguse." Maneno hayo alijiambia mwenyewe, kila siku, kabla mtu mwingine hajafungua mdomo.

Siku moja shoga yake alikuja nyumbani.

"Hodi! Hodi, shoga!"

"Karibu."

"Mwezi mzima sikukuona pwani. Je, nimekukosea?"

"Hukunikosea, shoga yangu. Ni mikono yangu hii. Nani atakubali tushike naye kamba moja?"

"Nani aliyekukataa?"

Mama alinyamaza. Alifikiri sana. Hakupata jina hata moja.

"Basi," alisema shoga yake, "kesho tunakwenda kituo cha afya. Nitakufuata. Tukaulize kitu hiki kinaitwaje."

Kesho yake walikwenda. Muuguzi alichukua kipande cha pamba.

"Fumba macho, mama. Nikikugusa, nionyeshe pahala nilipokugusa."

Mama alifumba macho. Muuguzi alimgusa juu ya kila baka, taratibu. Kila mara mama alionyesha pale pale.

"Unasikia vyema. Mtu mwenye baka la jedhamu mara nyingi hasikii akiguswa. Hii naona ni mbalanga. Lakini nitakuandikia barua uende hospitali ya Mnazi Mmoja mjini, daktari athibitishe."

"Mwanangu, niambie kweli. Nitawaambukiza watoto wangu?"

"La, mama. Mbalanga haiambukizi. Pika, pakua, na lala na watoto wako."

Mama huyu alitibiwa kwa miezi mingi. Pembeni mwa midomo rangi ilirudi. Vidoleni haikurudi, na mpaka leo vidole vyake ni vyeupe. Lakini sasa anateremka pwani pamoja na wenzake. Ugonjwa haukwisha wote. Kilichokwisha ni kule kujificha.

Mbalanga ni nini?

Ndani ya ngozi yetu zimo chembe ndogo sana zinazotengeneza rangi. Chembe hizi ni kama wapaka rangi. Mwili pia una askari wake, ambao hupigana na vijidudu vya maradhi. Kwa mwenye mbalanga, askari hao hukosea. Huwashambulia wapaka rangi wa mwili wao wenyewe. Pahala ambapo wapaka rangi wamekufa, ngozi hubaki nyeupe.

Hivyo, mbalanga haiji kwa kugusana, kulala pamoja, kula sinia moja, wala kuazimana nguo. Wako wanaosema kwamba mtu akila samaki na kunywa maziwa atapata mbalanga. Si kweli. Wako wanaosema kwamba ni laana au uchawi. Nayo si kweli.

Ugonjwa huu uko duniani kote, kwa watu wa kila rangi. Katika kila watu 200, mmoja au wawili wanao. Mwanamuziki maarufu wa Marekani, Michael Jackson, alieleza mbele ya televisheni mwaka 1993 kwamba alikuwa nao. Watu wengi hawakumwamini. Walisema alijichubua kwa sababu hakupenda kuwa mweusi. Alipofariki mwaka 2009, madaktari waliochunguza maiti yake walithibitisha kwamba kweli alikuwa na mbalanga. Hata mtu mwenye mali na sifa hakusalimika na maneno ya watu.

Ziko dawa za kupaka, na matibabu ya mwanga yanayofanywa chini ya uangalizi wa daktari. Kwa baadhi ya watu rangi hurudi, kwa wengine hairudi yote. Baka jeupe halina kinga ya jua. Kwa hiyo lifunike kwa nguo au kofia, au lipake mafuta ya kukinga jua kama unayapata. Tunafunika kwa sababu ya jua, si kwa sababu ya watu.

Mvuvi aliyechelewa

Mfano wa pili ni wa mvuvi wa upande wa kaskazini. Yeye alitokwa na baka mgongoni. Baka lake halikuwa jeupe kabisa, bali lilipauka kidogo. Siku moja mkewe alimsugua mgongo akaona baka lile.

"Bwana, hapa pana nini?"

"Hapana kitu. Ni jua la baharini."

Lakini moyoni aliogopa. Alikumbuka maneno ya babu yake, kwamba wenye jedhamu hupelekwa mbali wasirudi. Hakwenda hospitali. Hakutaka mtu yeyote alione baka lile. Akawa anaoga peke yake, na fulana haivui hata ngalawani.

Ikapita miaka miwili. Mguu wake wa kulia ulianza kufa ganzi. Siku moja alikanyaga kipande cha chupa asisikie. Alitembea nacho mpaka jioni. Kidonda kikaingia uchafu, na vidole viwili vya mguu vikakatwa.

Hapo ndipo alipogunduliwa kuwa na ukoma, ambao sisi huuita pia jedhamu. Alipewa vidonge kwa muda wa miezi 12. Akapona. Lakini vidole havikurudi, na mguu haukupata tena hisia.

Aliporudi nyumbani alimwambia mkewe, "Mimi nitengee sahani yangu."

Mkewe akamjibu, "Bwana, daktari amesema umepona. Sinia ni moja katika nyumba hii. Ukijitenga wewe, watoto nao watajua kukutenga."

Mvuvi alinyamaza. Siku ile alikula peke yake. Siku ya tatu alikuja kukaa mkekani. Kwake ugonjwa ulitoka mwilini kwanza, na moyoni ukachelewa kutoka.

Hofu ya ukoma ilitoka wapi?

Hofu ya mvuvi huyu haikuanguka kutoka mbinguni. Ina historia yake.

Kwa karne nyingi ukoma haukuwa na dawa. Mwaka 1873 daktari wa Norway, Gerhard Armauer Hansen, aliona kijidudu kinachouleta. Mwaka 1897 madaktari walikutana mjini Berlin, Ujerumani, wakashauri kwamba wagonjwa watengwe. Kambi zikajengwa katika nchi nyingi. Hapa Unguja, wakati wa ukoloni, kambi ya wenye ukoma ilikuwa Welezo, nje ya mji. Mtu akitajiwa jina hilo alitetemeka. Hofu hiyo wazee wetu waliwarithisha watoto wao.

Lakini mambo yamebadilika. Katika miaka ya 1940 dawa za kwanza za kufaa zilianza kutumika. Mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani lilishauri wagonjwa watibiwe kwa dawa kadhaa kwa pamoja. Siku hizi dawa hizo ni tatu: rifampisini, dapsoni na klofazimini. Mwenye mabaka machache, na vijidudu vichache, hutibiwa kwa miezi 6. Mwenye vijidudu vingi hutibiwa kwa miezi 12. Tangu mwaka 1995 dawa hizi hutolewa bure duniani kote. Mgonjwa huzimeza akiwa nyumbani kwake. Hapelekwi kambini.

Tujue pia haya:

Ukoma huambukiza kwa shida. Zaidi ya watu 9 katika kila 10 miili yao inaweza kuushinda bila dawa.

Ukoma hauambukizwi kwa kupeana mkono mara moja, wala kwa kukaa pamoja kwenye daladala. Huenezwa kwa njia ya pumzi, kwa mtu anayeishi karibu sana na kwa muda mrefu na mgonjwa ambaye hajatibiwa.

Mgonjwa akianza kumeza dawa, baada ya muda mfupi haambukizi tena.

Akitibiwa mapema, vidole vyake havikatiki, na mikono na miguu yake hubaki salama.

Basi dawa imebadilika. Kambi zimekwisha. Kilichobaki nyuma ni hofu.

Aibu haijui kutofautisha

Hebu tuilinganishe mifano hii miwili.

Mama aliogopa baka ambalo halikuwa na hatari ya kuambukiza. Aibu ilimpotezea mwani, fedha na wenzake. Mvuvi alificha baka ambalo lilikuwa na dawa ya bure. Aibu ilimpotezea vidole.

Magonjwa yao yalikuwa mawili tofauti, lakini aibu ilikuwa moja. Aibu haijui hili ni baka gani. Anayejua ni mtu wa afya mwenye kipande cha pamba, na hawezi kujua kama hukumwonyesha.

Ndiyo sababu tunasema kwamba kujinyanyapaa si jambo la moyoni tu. Kunadhuru mwili. Mtu hujificha. Kwa kuwa amejificha, hatibiwi. Kwa kuwa hatibiwi, ugonjwa huzidi. Ukizidi, naye huzidi kujificha. Ni kama ng'ombe anayezunguka kigingi: kila akizunguka, kamba inakuwa fupi.

Magonjwa mengine ya ngozi yanayokaa muda mrefu

Pumu ya ngozi. Ngozi hukauka, huwasha na kupasuka. Mara nyingi huanza utotoni, na mara nyingi katika familia zenye watu wa pumu ya kifua. Haiambukizi. Ngozi hii hupenda mafuta. Ipake mara tu baada ya kuoga.

Soriasisi. Ngozi ya kawaida huchukua kama mwezi mmoja kujibadilisha. Ngozi yenye soriasisi hujibadilisha kwa siku chache tu. Ndiyo maana hurundikana na kufanya magamba meupe, hasa viwikoni, magotini na kichwani. Haiambukizi, na si uchafu.

Matende. Huletwa na minyoo midogo inayoenezwa na mbu. Mguu huvimba na ngozi yake huwa nene. Mwaka 2001 Zanzibar ilianza kuwapa dawa watu wa Unguja na Pemba, nyumba kwa nyumba, ili kuondoa maambukizo. Lakini mguu uliokwisha kuvimba haunywei kwa dawa ile. Unataka kutunzwa. Uoshe kila siku kwa maji na sabuni. Ukaushe vizuri katikati ya vidole. Uinue ukikaa na ukilala. Uchezeshe kifundo. Mguu unaotunzwa hivi hauhomi mara kwa mara, na hautoi harufu. Mguu uliofichwa ndani ya nguo bila kuoshwa ndio unaozidi.

Jinsi ya kutua mzigo wa pili

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Hatua hizi unaweza kuzifuata polepole, moja baada ya nyingine.

Hatua ya kwanza: Ujue jina la ugonjwa wako. Usikubali kuitwa jina na watu wa barazani. Nenda kituo cha afya. Kituo kikishindwa, utapewa barua ya kwenda hospitali, kama vile Kivunge kwa watu wa kaskazini, Makunduchi kwa watu wa kusini, au Mnazi Mmoja mjini. Uliza maswali matatu: Unaitwaje? Unaambukiza? Nifanye nini kila siku? Yaandike majibu. Wewe sasa unajua kuandika. Daftari lako litakuwa shahidi wako siku utakapotiwa shaka.

Wataalamu wapo. Mwaka 1992 kilianzishwa chuo cha maradhi ya ngozi katika hospitali ya KCMC, Moshi, kinachofundisha matabibu na madaktari wa nchi nyingi za Afrika. Usikate tamaa kwa kuwa mtu wa kwanza uliyemwona hakukuelewa.

Hatua ya pili: Yapime maneno unayojiambia. Chukua karatasi, piga mstari katikati. Upande wa kushoto andika maneno ya aibu. Upande wa kulia andika ukweli. Kwa mfano:

Najiambia: "Kila mtu ananitazama." Ukweli: Watu watatu walinitazama. Wengine walikuwa wakiuza samaki.

Najiambia: "Hii ni adhabu." Ukweli: Hata watoto wachanga huugua ngozi. Wamekosa nini?

Najiambia: "Sina thamani tena." Ukweli: Jana mwanangu aliniomba nimfundishe kusuka ukili.

Katika kitabu cha hadithi cha Sahihi Muslim inasimuliwa habari ya Uwais al-Qarni wa Yemen. Alikuwa na barasi. Akapona, isipokuwa pahala padogo kiasi cha dirhamu. Ni mtu huyu ambaye Sayyidna Umar, khalifa wa Waislamu, alimtafuta ili amwombee maghufira kwa Mwenyezi Mungu. Alama ile katika ngozi haikumpunguzia heshima. Ilikuwa ni moja ya alama za kumtambulia.

Hatua ya tatu: Tayarisha jibu fupi. Watu watauliza. Watoto hasa watauliza, na mtoto haulizi kwa ubaya. Jibu lililo tayari hukuokoa na hasira na machozi.

Mtoto: "Bibi, mikono yako imefanya nini?"

Jibu: "Ni mbalanga, mjukuu wangu. Haiumi, wala haiambukizi. Haya, nishike mkono tuvuke."

Mtu mzima mwenye maneno makali: "Wewe, kitu gani hicho?"

Jibu: "Ni maradhi ya ngozi, ndugu yangu. Natibiwa." Kisha endelea na shughuli yako. Hudaiwi maelezo marefu.

Hatua ya nne: Anza padogo. Usianze na harusi ya watu mia. Wiki ya kwanza kaa barazani na jirani mmoja unayemwamini. Wiki ya pili nenda dukani mwenyewe. Wiki ya tatu nenda sokoni. Aliye Mji Mkongwe anaweza kuanza barazani kwake, kisha Darajani asubuhi, kisha Forodhani jioni wakati watu wengi wametoka kupunga upepo. Kila ukirudi, jiulize: Nililoliogopa limetokea? Mara nyingi utaona halikutokea. Likitokea, utaona kwamba umeliweza.

Hatua ya tano: Tafuta mwenzako. Mzigo wa watu wawili ni mwepesi. Muulize mtu wa afya kama anamjua mwingine mwenye ugonjwa kama wako ambaye yuko tayari kuzungumza. Mkikutana, mtapeana habari za dawa, mafuta na madaktari. Na utaona uso wa mtu anayekuelewa kabla hujamaliza kusema.

Hatua ya sita: Uitunze ngozi kwa mapenzi. Mtu anayeichukia ngozi yake huisugua mpaka itoke damu, au huiacha kabisa. Ioge, ipake mafuta, ikague. Aliyeugua ukoma akague nyayo zake kila usiku, kwani mguu wenye ganzi hausemi ukiumia. Avae viatu hata nyumbani.

Hatua ya saba: Huzuni ikizidi, sema. Wako watu ambao aibu huwanyima usingizi na chakula kwa wiki nyingi. Wengine hufikiri kwamba afadhali wafe. Mwambie jamaa siku hiyo hiyo, na mwende kwa mtu wa afya. Huzuni ya namna hiyo nayo ni ugonjwa, na inatibika.

Tujihadhari

Mtu mwenye aibu ni rahisi kuuziwa uongo. Atakuja mtu na chupa, aseme, "Siku saba tu utapona." Tazama kwanza.

Usitumie krimu za kujichubua ili rangi zifanane. Baadhi yake zina zebaki, ambayo ni sumu inayodhuru mafigo. Usipake krimu kali za dukani miezi na miezi bila daktari, kwa sababu baadhi yake huifanya ngozi kuwa nyembamba na dhaifu. Usipake maji ya betri wala dawa inayounguza. Baka likiungua, huwa matatizo mawili. Kama unatumia dawa za miti shamba, mweleze daktari, usimfiche.

Wajibu wa jamaa na jirani

Mgonjwa hawezi kutua mzigo wa pili kama wengine wanauongeza kila asubuhi.

Usimwite mtu kwa ugonjwa wake. Usiseme "yule mkoma" au "yule mabaka." Ana jina lake. Lile la nyumbani.

Usimtengee kikombe wala sahani bila amri ya daktari.

Usimlazimishe kutoka, wala usimsifu kwa kujificha. Mwambie, "Twende pamoja."

Usiuvunje uchumba kwa sababu ya baka. Muulize mtu wa afya kwanza.

Mwalimu wa skuli amketishe mtoto mwenye ugonjwa wa ngozi katikati ya wenzake, na awaeleze wenzake ukweli. Mwalimu wa chuo cha Kurani afanye vivyo hivyo.

Sheha akimwona mtu haonekani tena mitaani, apite kumjulia hali.

Tukumbuke

Maradhi ya ngozi yako mengi. Mengi hayaambukizi. Yanayoambukiza, kama ukoma, yana dawa.

Baka lolote lisilosikia ukiligusa, nenda nalo hospitali haraka.

Ugonjwa mwingine hukaa na mtu maisha yake yote. Aibu si lazima ikae.

Maneno mapya

Unyanyapaa: kumtenga na kumdharau mtu kwa sababu ya ugonjwa au hali yake.
Kujinyanyapaa: kujitenga na kujidharau mwenyewe kwa sababu hiyo.
Mbalanga: ugonjwa unaoondoa rangi ya ngozi na kuacha mabaka meupe.
Jedhamu: ukoma.
Ganzi: hali ya kiungo kutosikia kikiguswa.
Kuthibitisha: kuhakikisha kwamba jambo ni kweli.

Maswali

1. Mizigo miwili ya mgonjwa wa ngozi ni ipi?
2. Nani alimwambia mkulima wa mwani asishike kamba na wenzake?
3. Muuguzi alitumia pamba kwa sababu gani?
4. Kwa nini mvuvi alichelewa kwenda hospitali? Alipoteza nini?
5. Baada ya kupona, kwa nini mvuvi alitaka sahani yake peke yake? Mkewe alifanya vema? Eleza.
6. Taja njia tatu za kuutunza mguu wenye matende.

Kazi ya kikundi

Wawili wawili, igizeni mazungumzo sokoni. Mmoja ana mabaka mikononi, mwingine ni mwenye duka aliyeshtuka. Mwenye mabaka atoe jibu fupi. Kisha badilishaneni.

Halafu kila mmoja aandike sentensi tano kwa jirani ambaye hatoki ndani siku hizi. Usimtaje ugonjwa. Mwambie tu lini utapita kwake, na mtakwenda wapi pamoja.